Haidumu si Haipo: Hotuba Kuhusu Oksidi za Bromini

Hotuba hii ilitolewa Dodoma mbele ya walimu wa kemia, wazazi, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa. Salamu ya kwanza, mbukwenyi, ni ya Kigogo.

Mbukwenyi! Wa nyuma sikuwasikia. Mbukwenyi!

Walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza vijana, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya mbele bila kuambiwa, asanteni kwa kuja. Wapo waliotoka Kondoa kwa basi la alfajiri, wapo waliotoka Mpwapwa wakabadilisha gari njiani. Safari kama hiyo kwa ajili ya somo la kemia ni heshima kubwa kwangu, na ninaipokea.

Niliachiwa nichague mada, nikachagua oksidi za bromini, yaani kampaundi za bromini na oksijeni. Naona walimu wawili pale wametazamana. Swali lao nalijua: je, mambo haya yanatoka kwenye mtihani? Yanatoka kwa nadra. Sasa kwa nini tukae nayo mchana mzima?

Sikilizeni. Kila mwaka tunafundisha halojeni, lile kundi la elementi lenye klorini, bromini na iodini. Tukifika kwenye klorini tunaandika ubaoni Cl₂O, ClO₂, Cl₂O₇. Tukifika kwenye iodini tunaandika I₂O₅. Tukifika kwenye bromini tunasema "oksidi zake hazina uthabiti", tunafuta ubao, tunaendelea. Na mwanafunzi anaandika nini kwenye daftari lake? Anaandika: hakuna. Nimeyasoma madaftari hayo. Hakuna.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Kitu kisichodumu kipo. Kitu kisichodumu kinaweza kupimwa, umbo lake likachorwa, na kinaweza kufanya kazi kubwa duniani kuliko kitu kinachokaa kwenye chupa miaka kumi. Haidumu si haipo. Nitalirudia hilo mpaka mnichoke.

Tuanze na elementi yenyewe. Mwaka 1826 kijana wa Kifaransa, Antoine Jérôme Balard, alikuwa Montpellier akichunguza maji yanayobaki baada ya chumvi ya bahari kuganda. Alipoyatia klorini yakabadilika rangi, na ndani yake akapata kimiminika cha rangi nyekundu ya kahawia, kizito, chenye mvuke unaochoma pua na macho. Kule Ujerumani mwanafunzi mmoja, Carl Löwig, naye alikuwa amekipata kimiminika hicho kutoka maji ya chemchemi ya chumvi ya kwao Kreuznach. Mwalimu wake alimwambia atengeneze kingi zaidi kwanza. Akiwa bado anatengeneza, Balard akachapisha.

Lakini ninayetaka mumkumbuke ni mtu wa tatu, Justus von Liebig, mmoja wa wanakemia wakubwa kabisa wa karne ile. Liebig alikuwa ameletewa kimiminika hichohicho kabla Balard hajatangaza lolote. Alikichunguza harakaharaka, akabandika lebo: kloridi ya iodini. Chupa ikarudi rafuni. Habari ya Balard ilipomfikia, akajua mara moja kilichokuwamo ndani ya chupa yake. Husimuliwa kwamba aliihamishia kwenye kabati aliloliita kabati la makosa, iwe mbele ya macho yake. Elementi nzima, wapendwa! Elementi nzima ilikuwa mkononi mwake, na lebo ikamzuia kuiona.

Sasa twende kwenye oksidi. Balard huyohuyo, mwaka 1834, alikutanisha klorini na oksidi ya zebaki akapata Cl₂O. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tano angeuliza: vipi tukiweka bromini mahali pa klorini? Swali zuri. Kwenye karatasi mlinganyo unakaa sawasawa. Kwenye maabara ilichukua karibu karne nzima. Ni mwaka 1930 ndipo Zintl na Rienäcker, Wajerumani, walipoonyesha kwamba mvuke wa bromini ukipita kwenye oksidi ya zebaki unatoa kweli oksidi ya bromini, Br₂O. Mwaka 1937 Schwarz na Schmeisser wakapata BrO₂ kwa kupitisha umeme ndani ya mchanganyiko wa bromini na oksijeni uliopozwa sana.

Karne nzima! Walikuwa wanakosa nini? Walikuwa wanakosa baridi.

Br₂O ni yabisi ya rangi ya kahawia iliyokolea. Joto lake likipanda juu ya nyuzi 40 chini ya sifuri, inaanza kuvunjika. Sisi watu wa Dodoma, usiku wa Julai upepo ukivuma tunavaa makoti na kulalamika, na kipimajoto bado kiko juu ya nyuzi 10. Hata kilele cha Kibo na barafu yake hakifiki nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakuna kona ya nchi hii ambapo ungeiacha Br₂O nje jioni ukaikuta asubuhi. BrO₂ ya njano inavumilia kidogo, lakini ikikaribia sifuri nayo inaondoka. Na zikipashwa moto ghafla, oksidi hizi zinaweza kulipuka. Kwa hiyo mtu aliyeingia maabara ya joto la kawaida miaka ya 1800, akachanganya, akakuta bromini na oksijeni tu, alikuwa na haki ya kusema "sikuiona". Hakuwa na haki ya kusema "haipo".

Mnataka kujua watu walifika wapi na baridi hiyo? Miaka ya 1990, Konrad Seppelt na wenzake, Berlin, waliyeyusha bromini katika kiyeyusho kilichopozwa sana, wakapitisha ozoni, yaani gesi ya oksijeni tatu, O₃, ndani yake, na fuwele za rangi ya machungwa zikajitenga, nyembamba kama sindano. Zilikuwa Br₂O₃. Wakiendelea kupitisha ozoni wakapata fuwele zisizo na rangi, Br₂O₅, ambazo zinavumilia mpaka nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Halafu, zikiwa bado ndani ya baridi, wakazipiga mionzi ya eksirei na kuchora kila atomu ilipo.

Na mchoro ule ulikuwa na jambo tamu. Wanafunzi, andikeni Br₂O₃ kwenye daftari. Tafuteni hali ya oksidisho ya bromini, yaani idadi ya elektroni ambazo kila atomu inahesabiwa kuwa imezitoa. Mmepata ngapi? Tatu, wote mnasema tatu. Hesabu yenu haina kosa, maana huo ndio wastani. Lakini molekuli yenyewe haina bromini yoyote yenye +3. Atomu moja ya bromini iko +1, nyingine iko +5, na oksijeni moja imekaa katikati ikiziunganisha. Oksijeni mbili zilizobaki ziko upande wa ile ya +5. Fomula ilituambia wastani, fuwele ikatuambia ukweli. Nani angelijua hilo kama tungebaki na neno "hakuna" daftarini?

Sasa, kwa nini hazidumu? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wetu wanapolazimika kukariri jambo ambalo wangeweza kulielewa.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya nishati. Kifungo cha bromini na oksijeni katika molekuli ya BrO kina nguvu ya takribani kilojuli 235 kwa moli. Kifungo cha oksijeni kwa oksijeni, katika hii O₂ tunayoivuta sasa hivi, kina kilojuli 498. Zaidi ya mara mbili. Basi oksijeni iliyoshikana na bromini ikipata upenyo wa kukutana na oksijeni nyingine, inaiacha bromini na kutoka kama gesi, na nishati inatolewa. Baridi haibadilishi hesabu hiyo hata kidogo. Kinachofanywa na baridi ni kuzinyima molekuli nguvu ya kuanza kuvunjika.

Lakini mwanafunzi makini atanikatiza hapa. Atasema: Mwalimu, klorini nayo oksidi zake ni za hatari, mbona ClO₂ inatumika viwandani kupausha karatasi, na Cl₂O₇ ni kimiminika kwenye joto la chumba? Na I₂O₅ ni unga mweupe unaotulia mpaka karibu nyuzi 300, unaotumika kupimia gesi ya monoksidi ya kaboni. Klorini juu inajikongoja, iodini chini imetulia, na bromini katikati inashindwa na zote mbili. Tumefundishwa kwamba sifa hubadilika kwa mpangilio tukishuka kwenye kundi. Mpangilio umekwenda wapi?

Jibu liko kwenye safari ya kufika kwenye bromini. Kabla ya kuifikia, jedwali radidia linapita kwanza elementi kumi, kuanzia skandi mpaka zinki. Kumi hizo zinajaza elektroni za 3d, zile za tabaka la ndani zaidi kuliko 4s, na elektroni za 3d hazikingi vizuri mvuto wa kiini. Kwa hiyo kiini cha bromini chenye protoni 35 kinazivuta elektroni zake za nje, hasa zile mbili za 4s, kwa nguvu kuliko ambavyo ungetarajia ukiitazama klorini peke yake. Elektroni zilizobanwa hivyo haziko tayari kushirikiana na oksijeni. Klorini haina 3d chini yake. Iodini ni kubwa zaidi, elektroni zake za nje ziko mbali, na oksijeni inazifikia kwa urahisi.

Na bromini haiko peke yake, jambo ambalo ningependa kila mwalimu aondoke nalo leo. Tazameni mstari wote. Fosforasi ina PCl₅, antimoni ina SbCl₅, na zote zimejulikana tangu karne ya 19. Aseniki iliyo katikati yao? AsCl₅ ilipatikana mwaka 1976, na aliyeipata ni Seppelt yuleyule, akiwa na baridi kali na mwanga wa urujuanimno. Joto lake likipanda juu ya nyuzi 50 chini ya sifuri inavunjika. Nendeni kwenye seleni: SeO₃ yake inazidiwa uthabiti na SO₃ iliyo juu na TeO₃ iliyo chini. Aseniki, seleni, bromini. Jirani kwa jirani, mstari mmoja, sababu moja. Mkiwaonyesha wanafunzi hizo tatu pamoja, hawatahitaji kukariri tena.

Nimefika kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote. Naomba simu zikae mifukoni kwa dakika chache.

Klorini ina perklorati, ClO₄⁻. Iodini ina periodati. Kwa bromini, watu walitafuta perbromati, BrO₄⁻, kwa miongo mingi, wakarudi mikono mitupu. Walijaribu vioksidishi, yaani vitu vinavyonyang'anya vingine elektroni, walivyokuwa navyo, walijaribu umeme, hawakuipata. Mpaka hapo hakuna ubaya, kutafuta ndiyo kazi yetu. Ubaya ulianza pale makala zilipoanza kuandikwa kueleza kwa nini perbromati haiwezekani. Nadharia zikatungwa, nzuri, zenye hesabu, zikitumia sababu kama hizi nilizowapa sasa hivi za elektroni za 4s. Vitabu vikazipokea. Wanafunzi wa wakati ule wakafundishwa sababu za kutokuwapo kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba hakipo.

Mwaka 1968, katika Maabara ya Taifa ya Argonne nchini Marekani, mwanakemia Evan Appelman akaja na wazo ambalo mpaka leo nikilifikiria nasisimka. Alijiuliza: kama siwezi kuisukuma bromini mpaka +7, je, naweza kuanza na atomu ambayo tayari imezungukwa na oksijeni nne, halafu atomu hiyo yenyewe igeuke kuwa bromini?

Inawezekana? Inawezekana. Jirani wa bromini upande wa kushoto ni seleni, namba 34. Seleni inaunda selenati, SeO₄²⁻, yenye oksijeni nne. Appelman alitumia selenati yenye seleni-83, ambayo ni nururifu na nusu ya maisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kugeuka, ni kama dakika 22. Kiini cha seleni-83 kikitoa chembe ya beta, yaani elektroni, neutroni moja inakuwa protoni, na namba 34 inakuwa 35. Seleni inageuka bromini palepale ilipo, oksijeni zake nne zikiwa bado zimeishikilia. Chaji nayo inapungua, kutoka hasi mbili hadi hasi moja. Imezaliwa BrO₄⁻.

Kiasi kilikuwa kidogo mno. Hakukuwa na fuwele ya kuishika wala rangi ya kuitazama. Aliifuata kwa mnururisho wake tu, kwa sababu bromini-83 nayo ni nururifu, na nusu ya maisha yake ni saa mbili na nusu hivi. Lakini ilitosha kujua kwamba ipo. Na alipojua kwamba ipo, njia zikafunguka. Akaipata kwa umeme. Akaipata kwa difloridi ya zenoni, kampaundi ya gesi ambayo mpaka mwaka 1962 ilifundishwa kwamba haiungani na kitu chochote, na hiyo ni hotuba nyingine. Mwishowe akaitengeneza kwa wingi kwa kupitisha florini ndani ya bromati yenye alikali kali.

Sasa ngojeni. Mnadhani perbromati hiyo, iliyosumbua watu miongo yote ile, ikishapatikana inavunjika baada ya muda gani? Sekunde? Saa? Perbromati ya potasiamu ni fuwele nyeupe zinazotulia mpaka nyuzi 275 hivi. Mnasikia? Nyuzi mia mbili sabini na tano! Ukiwa nayo unaweza kuiacha mezani hapa Dodoma mwezi wa Novemba, jua likiwa kali, na ukaikuta. Br₂O, yenye bromini ya +1 tu, haivumilii joto linalozidi nyuzi 40 chini ya sifuri, na perbromati yenye bromini ya +7 inavumilia tanuri la mkate.

Imekuwaje? Nishati yake iko juu. Ni kioksidishi kikali kuliko perklorati na periodati, na nguvu yake ya kunyang'anya elektroni, ikipimwa kwa volti, inazidi 1.7. Lakini oksijeni nne zimeizunguka bromini pande zote, hakuna mlango ulio wazi, na ikiwa imeyeyushwa kidogo tu katika maji inafanya kazi taratibu sana. Kuna kutodumu kwa hesabu ya nishati, na kuna kutodumu kwa kasi ya mmenyuko. Ni mambo mawili. Wale waliosema haiwezekani waliyachanganya, na tena walichanganya ugumu wa kuitengeneza na udhaifu wa kitu chenyewe.

Nami sisemi kila pengo kwenye jedwali litajazwa. Vitabu vya kemia isokaboni vinaorodhesha Cl₂O₇ ya klorini. Mahali pa Br₂O₇ ni patupu. Ninachowaomba walimu ni kimoja: mkifika kwenye pengo hilo, waambieni wanafunzi ni pengo. Waacheni waone patupu kwa macho yao.

Tumekaa maabara vya kutosha. Tutoke nje, tuangalie juu.

Oksidi ndogo kuliko zote za bromini ni BrO: atomu moja kwa moja, yenye elektroni moja isiyo na mwenzi. Hii huwezi kuiweka kwenye chupa hata kwa baridi. Zikikutana mbili zinaharibiana. Je, kitu cha namna hiyo kinaweza kuwa na kazi?

Nendeni Alert, kituo cha Kanada kaskazini kabisa, karibu na ncha ya dunia. Miaka ya 1980 wanasayansi wakipima hewa pale waliona jambo la ajabu. Kila jua linaporudi baada ya miezi ya giza la baridi, ozoni ya chini, karibu na ardhi, ambayo kawaida ni kama sehemu 40 katika bilioni, inashuka kwa muda mfupi mpaka karibu na sifuri. Hakuna kiwanda pale. Hakuna mji. Mwaka 1988 ikachapishwa kwamba ozoni ikishuka, bromini kwenye vichujio vya hewa inapanda.

Mwendo wake ni huu. Atomu ya bromini inainyang'anya ozoni oksijeni moja, inakuwa BrO, na ozoni inabaki O₂. BrO mbili zikikutana zinaachia O₂ nyingine, na atomu mbili za bromini ziko huru tena, zinaifuata ozoni nyingine. Waliowahi kufika soko la mahindi la Kibaigwa wanamjua dalali. Mahindi si yake, lori si lake, lakini kila gunia linapita mkononi mwake, na jioni magunia yote yameondoka na yeye bado amesimama palepale. BrO ndiye dalali huyo.

Na bromini ya kuanzia inatoka wapi? Inatoka kwenye chumvi ya bahari iliyoganda juu ya barafu. Asidi ya HOBr inayotokana na BrO inatua kwenye chumvi hiyo, inakutana na bromidi, yaani bromini yenye chaji hasi iliyomo kwenye chumvi, na inarudi angani ikiwa Br₂. Mwanga wa jua unaikata Br₂ kuwa atomu mbili. Imeingia moja, zimetoka mbili. Mbili zinakuwa nne. Wataalamu wanauita mlipuko wa bromini, na setilaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 1995 ikiwa na GOME, kifaa cha kupimia ozoni na gesi nyingine za angani, ilichora mawingu ya BrO yakitanda juu ya barafu ya ncha zote mbili za dunia. Setilaiti, wapendwa, imechora ramani ya kitu ambacho daftari linasema hakuna!

Baadaye BrO ikaonekana kwenye hewa ya Bahari ya Chumvi, kati ya Israeli na Yordani. Hilo lilichapishwa mwaka 1999. Mwaka 2003 ikachapishwa kwamba imo kwenye moshi wa volkano ya kisiwa cha Montserrat. Waliipima kwa kusoma mwanga wa jua uliopita ndani ya moshi, maana BrO inakula mawimbi fulani ya urujuanimno na kuacha alama yake. Kifaa chake si kikubwa, ni spektromita ndogo na kompyuta. Wanafunzi mnaoota kupanda Ol Doinyo Lengai, lishikeni hilo.

Kule juu zaidi, kwenye tabaka la ozoni linalotukinga, atomu moja ya bromini inaharibu ozoni kama mara 60 kuliko atomu moja ya klorini. Kwa nini? Kwa sababu ya udhaifu uleule tuliokuwa tunausema! Klorini ikikutana na hidrojeni inafungwa kwenye HCl na inatulia humo muda mrefu. Bromini vifungo vyake ni dhaifu, HBr inavunjika upesi, bromini iko huru tena, inaendelea na kazi. Udhaifu wa kifungo ndio unaoipa nguvu. Ndiyo maana halon, gesi zenye bromini za vizima moto, na dawa ya kufukizia ya methili bromidi ziliwekwa chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Methili bromidi iliingizwa mwaka 1992, na nchi zinazoendelea zikapewa mpaka 2015 kuiacha, isipokuwa kwa ukaguzi wa mazao yanayovuka mipaka. Mahindi ya ghalani siku hizi yanafukizwa kwa fosfini, vile vidonge ambavyo nawasihi kwa uzito wote msilale navyo chumba kimoja.

Namalizia na maji, kwa sababu hapa mjini kila mtu ana la kusema juu ya maji.

Bromini ikishikana na oksijeni tatu inakuwa bromati, BrO₃⁻. Hii inadumu, na inadumu vizuri mno. Bromati ya potasiamu ilitiwa kwenye unga wa mkate kwa miaka mingi ili donge liumuke vizuri. Watafiti wa Japani waliona inaleta uvimbe kwenye figo za panya, na Uingereza ikaipiga marufuku mwaka 1990. Kwenye maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi.

Los Angeles, mwaka 2007, mamlaka ya maji iligundua bromati nyingi kwenye mabwawa mawili ya wazi. Maji yalikuwa safi yalipoingia. Bromati ilitoka wapi? Maji yalikuwa na bromidi kidogo ya asili. Yalitiwa klorini, kama inavyopasa. Na jua la California likayapiga. Bromidi, klorini, jua: hizo tatu zikatengeneza bromati. Mabwawa yakatolewa maji. Mwaka uliofuata, kwenye bwawa jingine, walimwaga mipira myeusi ya plastiki kama 400,000 ikafunika uso wote wa maji jua lisipenye.

Sasa geuzeni macho nyumbani. Maji ya visima vyenye chumvi kwa kawaida yana bromidi kidogo inayofuatana na kloridi. Klorini tunaitia, na lazima tuendelee kuitia, maana kipindupindu hakingoji, kinaua kwa siku moja. Jua tunalo, wala hatulinunui. Sijasema maji ya mtu yeyote hapa yana bromati. Nasema kati ya vitu vitatu, kimoja tunaweza kukizuia kwa mfuniko. Tanki la wazi la shule lifunikwe. Pipa la wazi nyumbani lifunikwe. Nanyi wenye maabara, bromidi ya maji ya kisima chenu ni kipimo kinachostahili kuwa mradi wa kidato cha sita. Kaeni na mkuu wa shule muulizane nani anaweza kuwapimia sampuli.

Nimesema mengi, asanteni kwa kunivumilia. Tuanze na maswali ya wanafunzi, walimu wafuate. Wewe binti uliyeinua mkono tangu tulipokuwa Alert, karibu, simama tukusikie.